Futa Mpaka Huko Juu

Mwalimu Tadicha hakuwa mtu wa kutupa kitu. Mtihani aliowapa wanafunzi miaka mitano iliyopita anao. Picha ya kadi ya chanjo ya mbuzi waliokwisha kuliwa anayo. Ukimuuliza viko wapi, anainua kidole juu na kusema, "Kwenye wingu, Akko," yaani bibi, kwa Kiborana. Mara ya kwanza nilidhani ibada imemzidi, nikamshauri apumzike kidogo.

Akanieleza kwa subira ya mwalimu wa hesabu. Alikuwa akifundisha sekondari kule Kulamawe, na kila Ijumaa alirudi nyumbani Chechelesi, mtaa wa Isiolo, ambako nyumba yake na yangu zinagawana ukuta wa mabati. Mtihani aliuanza kwenye laptopu ya shule, akaumalizia kwa simu akiwa amejinyoosha kwenye mkeka wangu akinywa chai yangu, na Jumatatu akiufungua tena kwenye laptopu aliukuta vilevile, hata nukta aliyoiweka akiwa kwangu.

"Ni kama nyumba moja yenye milango mingi," alisema. "Uingilie mlango huu au ule, vitu vya ndani ni vilevile."

"Na mtu akitoa kitu kwa mlango mmoja?"

"Kimetoka kwa milango yote. Lakini nani atatoa, Akko, na paswadi ninayo mimi na Kotile peke yetu?"

Kotile ni mke wake. Alikuwa mwalimu wa chekechea mwenye cheti, na alitaka diploma. Hakuitaka kwa maringo. Shule ikipunguza watu, wanaoambiwa kwanza wafunge mikoba ni wale wa cheti, na yeye alishafunga mkoba mara mbili. Alikuwa amebakiza ripoti ya mwisho tu, na ripoti yenyewe ilihusu nyimbo ambazo mama wa Kiborana huwafundishia watoto wadogo kuhesabu, kutaja rangi za ng'ombe, na kulala. Likizo zote walizunguka pamoja, Kinna, Kulamawe, mitaa ya mjini, Kotile akiuliza na Tadicha akishika simu kurekodi. Sauti zote na maandishi yote viliingia kwenye wingu la Tadicha, maana yeye ndiye aliyeijua njia. Simu ya Kotile ilikuwa kitu kidogo, ukiiwekea picha chache inalalamika imeshiba. Aliitumia kufungua na kusoma, basi.

Mimi mwenyewe waliniimbisha nyimbo tatu. Mbili Tadicha alizikata, akasema wasimamizi wa chuo ni watu wa heshima. Nikamuuliza hao watu wa heshima walizaliwaje.

Aliyeimba kutushinda wote alikuwa Darmi, mama yake Tadicha, rafiki yangu. Wanawe walikuwa wawili, Tadicha na mdogo wake Ado, na aliwalaza kwa wimbo alioutunga mwenyewe, wenye majina ya ng'ombe wa baba yake wakirudi zizini mmoja baada ya mwingine. Ulikuwa wimbo wa ndani ya nyumba. Mimi jirani niliusikia kupitia mabati kama nyuki wako kwenye mzinga, maneno sikuyapata hata siku moja. Aliuimba kwenye ile simu mara moja tu, na mvua iliyofuata hakuiona. Kotile akaufanya wimbo huo kuwa sura ya mwisho ya ripoti.

Halafu Tadicha naye. Homa ilimpeleka hospitali akitembea kwa miguu yake, na hakutoka. Siku zote alizolala pale, Ado alikaa kando ya kitanda, akimshikia simu na kuwajibu watu. Hata namba ya kuifungulia alipewa yeye. Tulipomzika, Kotile aliingia eda, nami nikawa namvukia ukuta kila asubuhi kumtia maneno, kwa sababu nyumba ya mjane ina wageni wengi wiki ya kwanza tu.

Vitu vya marehemu viligawanywa, kama ilivyo desturi. Kanzu kwa huyu, viatu kwa yule. Laptopu ilikuwa ya shule ikarudi Kulamawe. Simu alipewa binamu yao Galma, kwa sababu yeye ndiye aliyemuosha. Ado ndiye aliyesimamia yote, na aliyasimamia vizuri, hakuna aliyenung'unika, jambo ambalo katika ukoo ule ni muujiza mdogo.

Eda ilipoisha, Kotile alioga, akajifunga shungi safi, akasema anakwenda saiba mjini, duka la kompyuta, achapishe ripoti aipeleke chuo. Nikamsindikiza kwa sababu nilikuwa nimechoka kukaa eda ya mtu mwingine. Msichana wa saiba, Nkirote, alimpisha kwenye kompyuta. Kotile akaandika paswadi, mlango ukafunguka, na ndani hamkuwa na kitu. Akatoka, akaingia tena. Akajaribu kwa simu yake. Hamna. Folda yenye jina lake ilikuwepo, tupu kama kikombe kilichopanguswa.

"Kuna mtu alifuta," Nkirote alisema, akinyoosha kidole kwenye skrini. "Na alifutia kwa simu. Hata pipa la taka amelimwaga."

Simu. Tulimpigia Galma, akasema aliipokea ikiwa safi kama ya dukani, Ado alikuwa ameipeleka kwanza kwa Kiambi. Kiambi ni fundi wa simu mwenye kibanda kule karibu na soko la miraa, kijana wa Kimeru anayefanya kazi akitafuna. Tulimkuta hapo.

"Shosho, mimi nilimuuliza," aliniambia aliposikia ni simu ya marehemu, kabla hata hatujakaa. "Nilimwambia nikisafisha simu peke yake, vitu vya wingu vinabaki."

"Akasemaje?" Kotile aliuliza.

"Akauliza nani anaweza kuviona huko. Nikamwambia yeyote mwenye paswadi. Akasema basi, futa mpaka huko juu. Nikamuuliza na pipa la taka? Kwa sababu ukifuta, vitu vinakaa kwanza huko kama mwezi hivi. Akasema limwage. Alikuwa amesimama hapo, amegeuza uso aangalie barabara, asione kitu cha ndugu yake hata kwa bahati mbaya."

"Alisema ni kwa nini?"

Kiambi aliacha kutafuna. "Alisema mwili umeoshwa, sasa simu nayo ioshwe."

Hapo nilimwelewa Ado. Maana kwetu anayeosha maiti akiona alama, kovu au chochote, hufunga mdomo mpaka naye aoshwe. Na simu ya mtu ni mwili wa pili. Hata yangu mimi mwenye meno ya kuhesabika, ikichunguzwa kuna wazee watahama Isiolo. Ado alifanya kama inavyotakiwa. Ningekuwa na ndugu wa hivyo ningekufa kwa raha.

Kiambi aliona uso wa Kotile akamvutia kiti. "Alikuwa na mashine nyingine?"

"Laptopu ya shule."

"Tangu afe imewashwa?"

Kotile alifikiri. "Sidhani. Iko stoo. Mwalimu mwingine wa hesabu hajaletwa."

"Basi omba iwe bado imelala, dada. Ndani yake vile vitu bado viko, kwa sababu haijapata habari. Iwashwe mbali na mtandao, utoe kila kitu na hii." Akampa flashi ndogo, akakataa kulipwa. "Lakini ikionja mtandao kidogo tu, itauliza huko juu kuna nini, itaambiwa hakuna, nayo itafuta vyake ili ifanane."

Kotile alimpigia naibu wa mwalimu mkuu kule shuleni, bwana Mutea. Hakupatikana. Akapiga tena tukiwa njiani, akapiga tena tukifika nyumbani. Kulamawe mtandao wa simu una tabia ya mume wangu marehemu, ukiuhitaji haupo. Lakini kesho yake ilikuwa siku ya mnada wa mifugo huko, na Ado, ambaye ni mfanyabiashara wa mbuzi, angekwenda na pikapu yake alfajiri.

"Tumwambie leo," nilisema. "Ajue tunakwenda kuokoa nini."

"Nimwambie nini, Akko?" Kotile alikuwa akikunja nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa. "Kwamba amefuta sauti ya mama yake akidhani anamsitiri ndugu yake? Tukizipata, hana haja ya kujua."

"Na tusipozipata?"

"Ndiyo kabisa asijue. Akko, nakuomba."

Chechelesi nzima, mtu wa mwisho wa kumpa siri ni mimi. Nimewahi kutangaza mimba kabla mwenyewe hajajijua. Lakini mjane aliyetoka eda jana yake akikuomba, utafanyaje? Niliufunga mdomo, na niliufunga vizuri kuliko nilivyowahi kuufunga maishani. Sina jambo ninalolirudia rudia kichwani kama hilo.

Ado aliambiwa tu kwamba kuna karatasi za chuo kwenye laptopu ya marehemu. Alfajiri alitupakia mbele. Mimi nilikaa katikati yake na Kotile, kama adabu inavyotaka, nikiwa mto wa kitanda. Ado alikuwa mchangamfu. Mtu mwenye majonzi akipata kazi ya kufanya huchangamka, ndivyo nilivyomwona.

"Shemeji, karatasi zenyewe ni nyingi?"

"Ni ripoti ya chuo," Kotile alisema.

"Ile ya kuimba imba? Nilimwambia Tadicha, wewe unafundisha hesabu, umegeuka shabiki wa wazee. Akko, ati hata wewe ulikatwa."

"Nilikatwa kwa sababu ya wivu," nilisema.

Alicheka, akabadilisha gia. Tulikuwa tumekwisha kuuacha mji mbali, jua likitupiga usoni.

"Usiwe na wasiwasi," alimwambia Kotile. "Hutangoja hata dakika. Nilimpata Mutea jana jioni kwa laini yangu ile nyingine. Nimemwambia mke wa marehemu anakuja, usimweke stoo kwenye vumbi. Atakuwekea ile mashine ofisini, chaji imejaa, kila kitu tayari."

Nilihisi bega la Kotile likigeuka jiwe.

"Atakuwa ameiwasha?" aliuliza.

"Sasa ataichaji ya nini kama haiwashi?"

Kotile alitoa simu yake kwenye mkoba. Haikuwa na alama hata moja ya mtandao. Akaishika juu karibu na dirisha. Nilimkanyaga mguu kidogo, kumaanisha sema sasa, huyu ana laini nyingine, tusimame kwenye mwinuko tupige. Akaurudisha mguu wake nyuma. Ado alikuwa akieleza kwamba tangu afe ndugu yake hajapata kitu cha kumfanyia shemeji yake, kila kitu kimefanywa na wanawake, na leo angalau. Hakumaliza sentensi. Sasa wewe msomaji ungemwambia saa hiyo? Mimi nilifungua mdomo. Kotile akaniwekea mkono kwenye goti, nikaufunga.

"Endesha haraka kidogo, shemeji," Kotile alisema. "Nina haraka."

"Ndiyo, madam."

Ado alituteremsha getini akaenda zake mnadani. Bwana Mutea alitupokea kwa mikono miwili, mtu wa Meru mwenye suti iliyomkaa kwa shida, akamwambia Kotile habari za safari, poleni sana, mwalimu Tadicha hatutapata mwingine. Ofisini kulikuwa na chupa ya chai, mandazi yaliyofunikwa kwa kitambaa, na katikati ya meza, imepanguswa vumbi mpaka inang'aa, laptopu imefunguliwa.

"Paswadi hatukuhangaika nayo, ni jina la shule, tunaijua sote," alisema kwa furaha. "Niliiwasha tangu saa moja. Ilikuwa imekaa sana. Nikaiunganisha na mtandao wa ofisi, tumewekewa ile sahani juu ya paa, ina nguvu sana. Imejisasisha yenyewe. Sasa iko sawa kabisa, madam."

Kotile aliketi. Alifungua folda ya kwanza, ya pili, na ile yenye jina lake. Nilisimama nyuma yake. Mimi kusoma kwangu ni kwa shule ya msingi, lakini patupu hapahitaji darasa.

"Kuna shida?" Mutea aliuliza. Alikuwa ameshika chupa ya chai.

"Hakuna shida, mwalimu."

"Umeona unachotaka?"

"Nimeona. Asante sana. Umesumbuka."

Na tukanywa ile chai. Kotile alikula andazi lote, akalisifu, akaulizia wanafunzi wa darasa la marehemu, nani anawafundisha. Mutea akaeleza. Kila mara Kotile aliposema asante, mimi nilitazama dirishani. Alipotoka nje kwenda kuaga walimu wengine, Mutea aliniambia, "Mama, huyu ni mwanamke wa moyo. Nilidhani atalia akiona vitu vya mume wake." Nikamwambia ni kweli, ana moyo.

Ado alikuja kutuchukua na mbuzi wanane nyuma. "Umepata?"

Kotile alipapasa mkoba uliokuwa na flashi ya Kiambi. "Nimepata."

Ado aliendesha akipiga mluzi mpaka Isiolo.

Chuo kilimwonea huruma. Msimamizi wake, mama mmoja aitwaye Gacheri, alisoma kurasa chache za mwanzo alizokuwa amepewa zamani, akasema kazi ilikuwa nzuri, na kwamba huruma haiwezi kusahihishwa. Alimpa nafasi ya kuanza upya, amalize na kundi la mwaka unaofuata. Kotile alikuja kwangu na simu yake ile ndogo, amefuta picha zote kupata nafasi. Nikaimba nyimbo zangu tatu. Safari hii hakuna aliyezikata, na hazikunichekesha. Katikati ya wimbo wa pili niligundua nilikuwa nikiuimba kwa ajili ya Tadicha, kumwona akihangaika kuficha kicheko. Kotile hakucheka. Aliandika.

Wengine aliwapata, wengine hakuwapata. Mmoja wa Kinna amekuwa kiziwi na huimba nyimbo mbili kwa pamoja. Sura ya mwisho aliiacha wazi.

Watu wa kundi lake la kwanza walipovaa majoho, hatukulitaja jambo hilo nyumbani. Lakini Ado alikuwa na tarehe kichwani. Aliulizia chuoni, akaambiwa sherehe imepita, akadhani tumeficha kwa sababu ya gharama. Jioni moja alitokea mlangoni kwa Kotile akivuta kondoo dume mnene, shingoni amemfunga utepe mwekundu.

"Mtu anasoma, anamaliza, hatuambiwi," alisema. "Shemeji, tumekosana lini? Akko, hata wewe. Wewe ambaye huwezi kuficha chumvi."

Kotile alimkaribisha. Alimpa maji. Kisha akamweleza yote, kuanzia saiba, kwa sauti ya kumsomea mtoto. Hakuyatia chumvi wala kuyapunguza. Nilitaka kusaidia, sikujua wapi.

Ado alisikiliza akiwa bado ameshika kamba ya kondoo.

"Ile ya mama ilikuwa humo?"

Kotile alinitazama. Mimi nikamtazama kondoo.

"Ilikuwa humo," alisema.

"Mimi sikuisikia. Tadicha aliniambia nije anisikilizishe, nikamwambia nina mbuzi." Alipangusa uso wote kwa kiganja, toka juu mpaka chini. "Siku ile kwenye gari, kwa nini hukuniambia? Laini yangu ile nyingine ilikuwa inashika. Ningempigia Mutea asiiguse."

"Nilitaka usijue."

"Nami nilitaka watu wasimjue Tadicha. Hata hakuwa na kitu cha kuficha, yule. Kumbe ni karatasi na nyimbo tu."

Kotile aliinuka akaleta simu, akaiweka kwenye mkeka mbele yake.

"Shemeji. Wewe pia uliimbiwa."

"Mimi ni mchuuzi wa mbuzi."

"Uliimbiwa."

Alikataa. Alikunywa maji. Alisema sauti yake ni ya kufukuzia ngamia. Nikamwambia chuo kimeshapokea yangu, hakiogopi kitu tena. Hapo alikaribia kutabasamu, akafumba macho, akaanza.

Ndio wale nyuki wangu wa ukutani, ila sasa wenye maneno. Ng'ombe mwekundu aliingia zizini. Akaingia wa madoa, na jina lake. Akaingia yule wa pembe moja anayepiga wenzake, na alipofika hapo sauti ya Ado ilikuwa imekuwa nyembamba kabisa, haikuwa ya kufukuzia chochote. Akamwita wa nne, mweupe, aliyechelewa mtoni.

Akaacha.

"Endelea," Kotile alisema polepole.

"Sijui anayefuata."

"Fikiri tu, hatuna haraka."

"Sijui, Kotile. Hapo ndipo nilipokuwa nalala. Kila siku, hapo kwa huyo mweupe. Tadicha ndiye aliyekuwa anabaki macho mpaka wote waingie."

Kotile aliiacha simu iendelee kurekodi. Kondoo alilia mlangoni, mtu akapita nje na mkokoteni wa maji. Baada ya muda akainama, akaizima.